Jambia la Nyuso Mbili

Lopen Tandin alilitazama jambia lililolazwa mezani juu ya kitambaa cheupe, akaficha viganja ndani ya mikono mipana ya vazi lake, asiliguse.

"Si langu."

"Kijiji kizima kinasema ni lako," alisema Kapteni Lhaden.

"Kijiji kizima kilisema pia kwamba Wangda yuko Delhi anauza sweta."

Koplo Penjor, aliyesimama mlangoni akitafuna tambuu, alicheka puani. Alipoona mkuu wake hacheki, akajikohoza na kuangalia nje.

Hapakuwa na la kucheka. Siku chache nyuma, mafundi waliokuwa wakibomoa kinu cha maji chini ya kijiji cha Yurmang waliinua bamba la sakafu wakakuta mifupa ya mtu. Pete ya fedha na jino la dhahabu viliwatosha wanakijiji kumtambua: Wangda, mtoto wa kwanza wa Ap Lhundup mchonga vinyago, mwanamume ambaye kwa zaidi ya miaka kumi bonde zima lilimjua kuwa mtoro aliyemkimbia mkewe. Kando ya fuvu, likiwa limechomekwa ardhini mpaka shingoni, palikuwa na jambia la mbao lenye makali matatu, phurba, kama yale yanayotumika katika ibada za kukomesha mashetani. Kijiji kikapata jibu lake mchana uleule. Mwenye kazi ya majambia ni Lopen Tandin, mtawa aliyeoa na kulima kama watu wengine lakini anayeitwa kila nyumba inapoingiwa na balaa. Aligombana na Wangda hadharani. Basi alimuua, akampigilia asirudi kumsumbua. Jioni mawe yalianza kutua juu ya paa lake, na Lhaden akamleta kituo cha polisi, nusu kama mshukiwa na nusu kama mtu wa kulindwa.

"Mligombana," Lhaden alisema.

"Tuligombana kwa ajili ya maji ya mfereji. Nimegombana na kila mtu hapa kwa ajili ya maji ya mfereji. Muulize huyo koplo wako, mama yake ni jirani yangu."

"Kweli, afande," Penjor alisema. "Mama alishawahi kumrushia ndoo."

"Ndoo tupu?"

"Haikuwa tupu," Lopen alijibu kwa unyonge.

Lhaden alilisogeza jambia karibu naye. "Nifundishe. Hiki kitu kinaua vipi?"

"Hakiui. Kina makali matatu, na hakuna hata moja linaloweza kukata siagi. Makali ya kwanza ni ya tamaa, ya pili ya chuki, ya tatu ya ujinga. Ukichomeka, hivyo ndivyo vinavyouawa. Mtu mwenyewe haumii, anafunguliwa."

"Hata kama ni maiti?"

"Inategemea." Lopen alianza kusahau kwamba anahojiwa. "Maiti ukimchomekea kifuani jambia la mti wa miiba, umemfunga, hatoki. Hilo ndilo wanalodhani nimelifanya. Mlilikuta kifuani?"

"Kando ya utosi. Na marehemu alilazwa kwa ubavu, magoti yamekunjwa kifuani."

Mtawa aliinama, bado bila kugusa, akanusa mbao ile kama mtu anusavyo maziwa asiyoyaamini.

"Mreteni," alisema. "Mti wa ubani. Na utosini ndiko roho inakotokea, ikibahatika. Kapteni, aliyeliweka hili hakuwa anamfunga mtu. Alikuwa anamfungulia njia."

"Kwa hiyo alimpenda."

"Au alimwonea huruma. Lakini kazi yenyewe ni bure. Angalia hapa juu ya mpini. Nyuso zinatakiwa ziwe tatu: mmoja wa upole, mmoja wa furaha, mmoja wa hasira. Huu wa hasira umeozea ardhini, na huo ndio unaofanya kazi."

"Hasira kwa nani?"

"Si hasira ya kuumiza. Ni hasira ya mama anayemnyang'anya mtoto kisu. Ikiwa mtu ameuawa, hasira hiyo inaelekezwa kwa kile kilichomuua, na kwa yule aliyekibeba. Bila uso huo, hili ni kipande cha mti tu."

Lhaden alitoa lenzi mfukoni, akalichukua jambia mpaka dirishani. Alikaa nalo pale kwa muda mrefu. Daktari wa wilaya alikwisha kumwambia kwamba fuvu lina ufa kisogoni, wa kitu kizito na bapa. Jambia kama silaha lilikuwa limeshatoka katika hesabu. Lakini kama alama ya mkono wa mtu, halikuwa limetoka.

"Penjor, njoo uone. Mbao ikioza, inaozaje?"

"Inakuwa kama mkate ulioloana, afande."

"Shika hapa, palipotakiwa kuwa na uso wa tatu."

Koplo alipitisha kidole. "Laini. Kama shavu la mtoto."

"Ardhi hailainishi hivyo. Mtu alipasugua mahali hapa mpaka pakang'aa. Nyuso mbili zimechongwa hadi nyusi, nyoka kwenye makali wamechongwa magamba, halafu uso wa tatu ukaachwa kwa makusudi. Sasa angalia ndani ya mifereji ya hao nyoka. Kuna nini?"

Penjor alikaza jicho kwenye lenzi. "Kuna mstari. Mwembamba kama unywele, katikati ya kila mfereji."

"Patasi ilikuwa na pengo kwenye makali yake."

"Kwa hiyo tunatafuta patasi mbovu."

"Tunatafuta mwenye patasi mbovu, aliyejua Wangda amekufa, aliyempenda, na ambaye hakutaka hasira imfikie mtu fulani."

Penjor alitema tambuu nje ya dirisha, akajifuta. "Mkewe, basi."

Lilikuwa wazo la haraka, lakini halikuwa la kijinga, na Lhaden hakuwa na desturi ya kuacha mlango bila kuugonga. Walimkuta Seldon uani kwake akianika pilipili juu ya mkeka, macho yamevimba. Hakusimama kuwapokea.

"Dada Seldon, Wangda aliondokaje?"

"Kwa mdomo wangu. Tuligombana asubuhi. Nilimwambia atoke asirudi. Akachukua mfuko wake, akatoka." Aligeuza pilipili ambazo hazikuhitaji kugeuzwa. "Mimi ndiye niliyetaka hivyo, si ndiyo? Nikapewa."

"Nani alikwambia yuko Delhi?"

"Shemeji yangu, Gembo. Alisema amesikia kwa dereva wa lori. Baada ya wiki, kila mtu alikuwa amesikia kwa dereva wa lori. Binti yangu shuleni walimwita mtoto wa mtoro. Mimi kila asubuhi nikiwasha moto nilimlaani. Kila asubuhi, Kapteni. Na yeye alikuwa hapo chini, chini ya kinu ambacho nilikuwa napita na mzigo wangu."

Lhaden alichuchumaa kando ya mkeka. "Gembo alikuwa akimsemaje kaka yake?"

"Hamsemi. Nikianza kumlaani Wangda, Gembo anachukua jembe anakwenda zake. Shamba langu limelimwa vizuri kuliko lake. Kuni zangu analeta yeye, zake analeta yeye, za baba yao analeta yeye. Watu walidhani ananitaka. Hajawahi kuingia ndani hata kunywa chai."

"Uliwahi kushika patasi?"

Seldon alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Ya nini?"

Wakiteremka kuelekea hekaluni Penjor alisema mlango huo umefungwa, na Lhaden akakubali kwa kichwa.

Hekalu la Yurmang huhifadhi vinyago vya sikukuu katika chumba kimoja cha juu, vikiwa vimefunikwa kwa nguo. Yonten, mtawa anayevitunza, alikuwa mwembamba na mwenye maneno mengi, na alifurahi kupata wageni wasioharakisha. Lhaden alimwomba vinyago vyote vilivyochongwa na Ap Lhundup. Mzee huyo ndiye mchongaji pekee ambaye bonde lilikuwa naye kwa miaka yote hiyo, na jina lake lilikuwa limekaa akilini mwa Kapteni tangu dirishani; ila baba aliyefiwa huwezi kumwendea mikono mitupu.

Yonten alivipanga sakafuni kimoja kimoja. Lhaden alipiga magoti na lenzi yake. Katika kinyago cha mungu mlinzi, chenye macho matatu na meno nje, mstari ulikuwepo, mwembamba kama unywele, katikati ya kila mfereji wa nywele za moto.

"Hiki alikichonga lini?"

"Kwa sikukuu ya mwaka ule Wangda alipoondoka. Yaani, tulivyodhani ameondoka. Na ndicho cha mwisho cha namna hii."

"Cha mwisho vipi? Hivi vingine ni vipya."

"Angalia vizuri, Kapteni. Hawa ni kulungu, huyu ni mzee mchekeshaji, huyu kunguru. Tangu mwanawe apotee, Ap Lhundup hachongi nyuso za hasira. Tunamwomba kila mwaka. Anasema macho yamechoka. Lakini kulungu anamchonga mpaka kope!"

"Macho yanayochoka kwa hasira peke yake," Penjor alinong'ona walipokuwa wakivaa viatu. "Mimi ningependa kuyapata hayo, nikamkopeshe mama."

Lhaden alikuwa ameshatangulia kwa hatua za haraka.

Ap Lhundup alikuwa ameketi mkekani katika karakana yake, maranda yamemfika magotini, akimtengeneza kulungu mwingine masikio. Aliwaona, akaweka patasi chini, akamimina chai ya siagi katika vikombe viwili vya mbao bila kuuliza kama wanataka. Lhaden alikunywa, kama adabu inavyotaka, ndipo akafungua kitambaa. Mzee alilichukua jambia kwa mikono miwili. Alipangusa vumbi la udongo kwenye nyusi za uso wa upole kwa kidole gumba.

"Ni kazi yako, mzee?"

"Ni yangu."

"Nilidhani utakana."

"Mkono wangu nitaukanaje?"

"Basi ulijua kwamba Wangda amekufa."

"Nilijua."

"Na ulimwacha mkewe akae anamlaani."

Mzee aliinamisha kichwa. "Hilo pia."

"Nani alimuua?"

"Mimi."

Jibu lilikuja upesi mno, kama mtu aliyelifanyia mazoezi mpaka likapoteza ladha. Lhaden aliweka kikombe chini.

"Kwa nini?"

"Tuligombana."

"Mligombania nini?"

"Mambo ya nyumbani."

"Ulimpiga na nini?"

Ap Lhundup aliangalia huku na huku, akanyoosha mkono kwenye nyundo ya mbao. "Na hii."

"Wapi?"

Mzee aligusa paji la uso wake. Penjor, nyuma, aliacha kutafuna.

"Fuvu la Wangda lina ufa kisogoni," Lhaden alisema taratibu. "Paji la uso ni zima kabisa."

"Basi nimesahau. Ni zamani."

"Umesahau ulipompiga mwanao, lakini hukusahau kumlaza kwa ubavu na kumkunja magoti. Hukusahau mreteni. Mzee, nisikilize, halafu unirekebishe nikikosea. Ungekuwa wewe ndiye uliyemuua, uso wa hasira ungeuchonga kwanza kabla ya hiyo mingine. Ungeuelekeza kwako mwenyewe, na usingejihurumia. Nimekaa na wewe muda mfupi lakini hilo naliona. Ungekuwa mtu wa nje, ungeuchonga pia, na ungeuelekeza kwake. Hukuuchonga kwa sababu hasira ile ilikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda, na wewe hukuweza kuipeleka huko. Una watoto wangapi?"

Mikono ya mzee ililibana jambia mpaka mishipa ikasimama.

"Wawili."

"Walikuwa wawili."

"Wawili," alirudia, na sauti yake ikapasuka. "Bado ni wawili."

Kuni zilianguka mlangoni kwa kishindo. Mwanamume mpana wa mabega, kamba ya mzigo bado imemkaa begani, alikuwa amesimama pale, na kwa namna uso wake ulivyokuwa haikuhitajika kuuliza amesikia kiasi gani.

"Baba, yatosha," alisema Gembo.

"Nyamaza! Nenda shambani!"

"Shamba limekwisha, Baba. Hakuna tena pa kulima." Alipiga magoti juu ya maranda, akamgeukia Lhaden. "Niandike mimi."

Penjor alisogea, lakini Lhaden alimzuia kwa kidole.

"Sema."

"Nilikuwa zamu ya kinu siku hiyo. Mvua ilinyesha toka asubuhi, nami nilikuwa nimelewa. Kaka alikuja kujikinga na mvua. Nilishasikia kwamba Seldon amemfukuza, kijiji kizima kilikuwa kimesikia. Nikamcheka. Nikamwambia, wewe nenda, kitanda chako hakitapoa, nitakaa mimi. Ulikuwa utani, Kapteni. Utani wa pombe. Akanisukuma. Nami nikamsukuma. Akaanguka kisogo juu ya jiwe la kusagia. Jiwe lilikuwa bado linazunguka. Nilikimbilia kufunga maji ya mfereji badala ya kumkimbilia yeye. Sijui kwa nini. Niliporudi, alikuwa ameshakwisha."

"Alinijia hapa," Ap Lhundup alisema, macho yake juu ya mbao. "Damu mikononi, hawezi kusema. Nikadhani ni yeye aliyeumia. Nikamkagua mwili mzima nikitafuta jeraha. Nilipofika kinuni na kuona, nikafahamu kwamba nikipiga kelele, jioni nitakuwa sina mtoto. Nikainua bamba la sakafu. Baadaye nilichonga hili jambia. Uso wa upole ulikuja wenyewe, na wa furaha ulikuja, ndivyo Wangda alivyokuwa. Wa tatu niliuanza. Kila nilipogonga patasi, niliyekuwa nikimwona kwenye mbao ni huyu. Nikasugua mpaka pakawa laini. Nikasema, kama jambia halifai, halifai."

"Mimi nilitaka kusema," Gembo alisema. "Kila nilipomsikia Seldon akimlaani, nilitaka kusema. Kisha nilimwangalia Baba. Nikaona nikisema, nitakuwa nimemuua na yeye."

Nje, kuku walikuwa wakichakura kwenye kuni zilizotawanyika. Lhaden alisimama, akalifunga jambia ndani ya kitambaa.

"Mzee, nawe utakuja kituoni. Kuficha maiti ni kosa, sitakudanganya. Lakini ulichokisema kuhusu nyundo sikukisikia. Penjor, ulikisikia?"

"Mimi nilikuwa natafuna, afande."

Pingu hazikutumika. Gembo alimsaidia baba yake kuvaa viatu, akamfungia na kamba zake, na watu wanne wakateremka njia ya kijiji mmoja nyuma ya mwingine, huku milango ikifunguka na kubaki wazi. Lilikuwa limebaki swali moja ambalo halikuwa na nafasi katika jalada lolote. Lhaden alimuuliza Gembo njiani, na Gembo akamjibu.

Kituoni Lhaden alimwachilia Lopen Tandin. Mtawa hakungoja kuombwa radhi.

"Mtu wenu hajasomewa hata sala moja miaka yote hii," alisema, akijifunga mshipi. "Mtanipa mifupa lini?"

"Daktari akimaliza."

"Mwambieni amalize."

Kwa Seldon, Lhaden alikwenda peke yake. Mama huyo alikuwa jikoni, wali mwekundu ukiwa tayari umeiva, pilipili na jibini zikichemka pembeni. Alimsikiliza akiwa amesimama, mwiko mkononi, tangu mwanzo mpaka mwisho: Gembo, jiwe, mzee, bamba la sakafu. Hakulia. Alipolisikia jina la shemeji yake alifumba macho tu, akayafumbua.

"Lipo jambo jingine," Lhaden alisema. "Nilimuuliza Gembo, Wangda alipoingia kinuni alikuwa anaelekea wapi."

Mwiko ulisimama.

"Alikuwa anarudi, dada. Alifika mpaka mnara wa sala kule juu, mwisho wa bonde, akageuka. Alimwambia Gembo kwamba anakuja nyumbani. Alisimama kinuni kwa sababu njia ilikuwa tope tupu, naye alikuwa ananawa miguu kwenye mfereji. Alisema ukiona matope kwenye sakafu yako mtaanza kugombana upya."

Seldon aliweka mwiko chini. Alikaa juu ya kigoda, akashika magoti, akatikisa kichwa polepole kama mtu anayekataa kitu anachopewa.

"Ananawa miguu," alisema.

"Ndivyo alivyosema."

"Kila asubuhi mimi namlaani. Na yeye alikuwa ananawa miguu."

Baada ya muda mwanamke huyo aliinuka. Alishusha bakuli kutoka rafuni, akaliosha ijapokuwa lilikuwa safi, akalipanguza kwa upindo wa nguo yake. Akapakua wali, akaweka pilipili na jibini juu yake, kama inavyofanywa katika nyumba yenye mfu ambaye bado hajaanza safari yake. Akaliweka bakuli upande wa ndani wa jiko, mahali pa mwenye nyumba, akatandika mkeka vizuri mbele yake. Kisha akaenda kuufungua mlango, akausukuma mpaka ukagusa ukuta.

"Ingia, Wangda," alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Ingia tu. Usijali miguu."